Divai Iliyovaa Nguo ya Buluu

Baba alikataa kuhama Jeppestown, hapa Johannesburg, mara tatu. Mara ya nne magoti yake yalikubali kwa niaba yake, maana ngazi za jengo lile zinataka kijana, na lifti yake sijapata kuiona ikisogea tangu nikiwa mtoto. Nikaenda Jumamosi asubuhi na pikapu ya kukodi, nikamkalisha baba kwenye kiti chini, karibu na mafundi wa kuchomea vyuma, nikapanda peke yangu kufunga vitu vyake. Na vitu vyenyewe, jamani! Sufuria mbili, Biblia, suti ya kanisani, koti la ulinzi la kampuni iliyokufa zamani, redio isiyosema. Chini ya kitanda, ukutani kabisa, nikavuta boksi lililofungwa kwa kipande cha kitenge. Nilipolifungua, harufu yake ilinipiga usoni nikajikuta nimeketi sakafuni.

Ninyi mliokua wakati wangu mnazijua harufu zetu: mafuta ya taa, kabichi, sabuni ya mche. Hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa karatasi kuukuu iliyolala muda mrefu kwenye unyevu, na kafuri ambayo jirani yetu aliitia humo kufukuza mende, na chini ya hayo utamu kidogo, kama wa zabibu zilizokauka. Vilikuwa vitabu vya Madame. Nilidhani baba alishavitupa.

Niwaambie kwanza tulikuwa akina nani. Tulikuwa wawili, baba na mimi, tumetoka Bukavu, Kongo, tunaishi chumba kimoja ghorofa ya nne. Bukavu baba alikuwa mwalimu wa Kifaransa, mtu wa tai na chaki, anayeweza kumnyima mwanafunzi usingizi kwa kosa la herufi moja. Hapa Johannesburg alikuwa sikyuriti. Alilinda geti la nyumba ya mawe kule Observatory, kilimani, nyumba ya bibi mmoja Mfaransa tuliyemwita Madame. Madame alikuwa mzee na hasikii vizuri, na mbwa wake naye hasikii vizuri, kwa hiyo kazi yote ya kusikia ilikuwa ya baba. Siku alipogundua kwamba mlinzi wake anasema Kifaransa vizuri kuliko wajukuu zake, alimletea kahawa getini kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo kila zamu ilianza kwa kahawa na ubishi wa sarufi.

Halafu Madame akapelekwa nyumba ya wazee. Watoto wake wakaja kwa ndege, wakaondoa vitu vya nyumba kwa siku tatu, na vitabu vikawekwa kando ya barabara vikisubiri lori la taka. Hapo baba alishindwa. Kuna watu hawawezi kuruka kipande cha mkate kilichodondoka njiani. Baba hakuweza kuruka kitabu. Akaomba ruhusa, wakacheka, wakamwambia chukua. Akarudi na ule mfuko mkubwa wa mistari ambao kila mhamiaji anaujua, akapanda ngazi zote akihema kama treni, akavimwaga vyote juu ya kitanda changu.

Vilikuwa vya zamani kweli, vilichapwa kabla baba hajazaliwa. Kimoja cha kufuga nyuki. Kimoja cha adabu za mezani, chenye picha ya uma wa aina saba. Kimoja chekundu chenye maandishi ya dhahabu, hadithi ya mambo ya sayansi kama walivyoyaota watu ambao walikuwa hawajaona hata redio. Na kile kinene kuliko vyote, chenye picha za rangi zilizofunikwa kwa karatasi laini, kilikuwa cha kufundisha watu jinsi ya kuonja mvinyo.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa letu lilikuwa kali. Pombe, hapana, hata kutia maji kwenye chupa iliyowahi kukaa pombe, hapana. Basi baba akakichukua kile kitabu, akakivalisha jalada la kalenda ya kanisa, na kwa nje kikawa na mchungaji na mkewe wakitabasamu. Mchungaji mwenyewe alipotutembelea alikiona, akafurahi sana, akauliza kinahusu nini. Baba, ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo, akajibu, "Shamba ya mizabibu, Pasta." Jumapili iliyofuata tulihubiriwa mzabibu na matawi yake kwa saa mbili, na baba akatazama viatu vyake tangu mwanzo hadi amina.

Kila siku saa kumi na moja jioni, kabla hajaenda zamu, maharage yakichemka kwenye jiko la umeme, baba aliketi ukingoni mwa kitanda akiwa na suruali ya kazi na fulana, akasoma. Kwanza sentensi nzima kwa Kifaransa, na hapo sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, yule wa tai. Kisha alitazama dirishani, akaigeuza kwa Kiswahili chetu cha Bukavu ili nami nifaidi. Kifaransa wakati huo nilikisikia kama mvua kwenye bati la jirani: unajua inanyesha, lakini hainyeshi kwako.

"Eko na mwili," baba alisoma. "Eko na miguu. Ukimuzungusha polepole mu glasi, machozi inashuka."

Eko na, kwa wasiokijua Kiswahili cha kwetu, ni ana. Na sasa lazima nimtaje mama.

Mama alibaki Bukavu. Kifua kilikuwa kinamsumbua, na mpango ulikuwa atufuate akipata nguvu. Begi lililokuwa na picha zetu lilipotea njiani, sijui mpaka wa nchi gani, kwa hiyo hatukuwa na picha yake hata moja. Siku moja, nikiwa na miaka saba, baba alitoka kwenye kontena la kupigia simu pale chini, akanishika bega, akasema, "Mama yako amepumzika." Watu wa kanisa wakaja, wakaimba, wakaleta wali na samaki. Nami nilifurahi. Nawaambia kweli, nilifurahi. Mama niliyemwacha alikuwa mtu wa kuchoka, kila nikimpandia mapajani ananiambia, "Uniache nipumzike kidogo." Sasa amepumzika! Nilikula wali mara mbili.

Miezi michache baadaye ndipo vitabu vilipokuja. Na kitabu kikasema, kwa kinywa cha baba, kwamba lazima alale. Alale kwa ubavu, mahali pa baridi, pasipo mwanga wala kelele. Asitikiswe. Asiamshwe mapema, maana akiharakishwa ataharibika, lakini akiachwa miaka ya kutosha atakuwa mzuri kuliko alivyokuwa. Tena baba alisoma kwamba ana nguo ya buluu. Kwamba anacheka kwanza, ndipo aseme. Kwamba ana mwanya hapa mbele, na baba akajigusa meno. Kwamba akichagua mchele anaimba, na wimbo wenyewe anaukosea palepale kila siku. Mimi nilikaa kitako nimekumbatia magoti, nasikiliza habari za mama yangu.

Leo kazi yangu ni ukalimani, nawatafsiria wagonjwa wa kwetu mbele ya madaktari, kwa hiyo kosa lile naweza kuwaeleza kifundi. Kifaransa hakina namna ya kusema kwamba kitu ni kitu tu. Meza ni mwanamke, mvinyo ni mwanamume, kila kitu ni yeye. Baba kwa uaminifu wa ualimu wake alipokuta yeye alisema yeye. Na Kiswahili nacho, Mungu akibariki, hakijali kama huyo yeye ni mume au mke. Basi mvinyo wa Kifaransa uliondoka kwenye ukurasa ukiwa mwanamume na kufika masikioni mwangu ukiwa mwanamke, na mwanamke niliyekuwa nikimngoja alikuwa mmoja tu.

Jumapili, kwa kuwa ni siku ya Bwana na mvinyo haufai, tulisoma kile chekundu. Humo mlikuwa na mhandisi mwenye ndevu aliyegundua namna ya kutia sauti za watu ndani ya chupa. Mtu anasema kwenye bomba la shaba, chupa inazibwa upesi, inasafirishwa kwa meli, na anayeipokea akivuta kizibo anaisikia sauti ya ndugu yake ikiwa bado na joto. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. "Hawa bantu," alisema, yaani hawa watu, "waliota simu mbele ya simu!" Mlikuwa pia na watu wa chuma na treni ya kupita chini ya bahari, lakini hayo hayakunihusu.

Sasa mpe mtoto wa miaka saba vitabu viwili vya namna hiyo uone. Nyuma ya kilabu cha pombe cha jirani niliokota chupa za kijani, shingo ndefu, sawasawa na zile za kwenye picha. Nikaziosha kwa sabuni, nikakunja karatasi ya daftari ikawa bomba, nikasema humo, nikaziba kwa nta ya mshumaa. Kisha nikazilaza kwa ubavu chini ya kitanda, ukutani, palipo na baridi. Ilikuwa hivi: mama akiamka, asikose habari za miaka aliyolala.

"Mama, huku robot si mtu wa chuma, ni taa za barabarani." Hiyo ilikuwa chupa ya kwanza. "Mama, shuleni jina langu wanalikata nusu." "Mama, Papa anaunguza maharage lakini tunakula." "Mama, Bi Zuhura amenipa kitumbua nikasema asante mbele ya kula." Ya saba niliisemea taratibu, nikihofu kuisumbua hewa: "Mama, lala tu. Usiharakishe."

Bi Zuhura huyo alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, mtu wa Tanga, mshona nguo asubuhi na mkaanga vitumbua mchana, na ndiye niliyelala kwake baba akiwa zamu. Mama wa sala tano, na nadhani katika hesabu yake dhambi ya pili baada ya ushirikina ilikuwa kuvuruga ngeli. Nikisema "kiti yangu", kitumbua kinabaki hewani mpaka niseme "changu". Kiswahili hiki mnachokisoma ni chake, nilikilipia kwa njaa.

Alhamisi moja alikuja kufagia kwetu kwa sababu ya mende, ambao alidai wanazaliwa kwa Wakongo na kuhamia kwake. Akainama, akasukuma ufagio chini ya kitanda, na chupa saba zikabingirika hadi katikati ya chumba.

"Toba!" akasema, mkono mdomoni. "Mzee wa kanisa! Kumbe!"

"Si za Papa," nikasema haraka. "Ni zangu."

"Zako? Wee mtoto, una miaka saba!"

"Ni za mama. Ndani mna maneno yake. Usizitikise, Bi Zuhura, zimelala."

Bi Zuhura akaketi kitandani, ufagio mapajani. "Hebu nieleze polepole, mwanangu. Mama yako yuko wapi?"

"Amepumzika."

"Naam. Amepumzika, Mungu amrehemu."

"Amelala kwenye baridi. Papa ananisomea habari zake kila siku. Ana mwili mzuri, na ana miguu, na ukimzungusha kwenye glasi anatoa machozi."

"Ukimzungusha nani?"

"Mama."

"Kwenye nini?"

"Kwenye glasi."

Nikaona haniamini, nikamletea kitabu. Alimtazama mchungaji na mkewe kwa heshima, akafunua. Kifaransa hakukijua, lakini glasi ya mvinyo ni glasi ya mvinyo kwa lugha zote. Akaangalia picha ya kwanza, na ya pili, na ya tatu yenye chupa zimelazwa mstari kwa mstari gizani, halafu akaachia kicheko chake kile cha kusikika mpaka barabarani.

"Mwanangu we! Divai hii! Na huyo baba yako naye, mwalimu mzima! Divai haisemwi ana. Ina! Ina mwili, ina miguu, kama miguu inayo. Ana ni ya mtu na mnyama."

Nilisimama pale nikizigeuza kichwani hizo silabi mbili. Ina. Ana. Ni Bi Zuhura mwenyewe aliyenifundisha tofauti yake kwa vitumbua vingi, kwa hiyo sikuweza kujifanya sijaelewa.

"Kwa hiyo mama hataamka?" nikauliza.

Bi Zuhura akaacha kucheka. Aliweka ufagio chini, akanivuta, akanibana kwenye kanga yake iliyonuka nazi na kafuri. "Hilo," akasema baadaye, "atakujibu baba yako."

Baba aliingia muda si muda, mkononi ana mkate kutoka duka la spaza. Bi Zuhura hakumpa hata nafasi ya kusalimu. "Mwalimu," akamwambia, "mficha maradhi, kilio humfichua. Mtoto huyu anamngoja mamake aamke." Akatoka, lakini hakufika mbali, kivuli chake nilikiona chini ya mlango.

Baba aliziangalia zile chupa saba za pombe sakafuni mwa mzee wa kanisa, na hakuuliza zimetoka wapi. Akageuza ndoo, akaikalia, macho yake yakawa sawa na yangu.

"Mama yako alikufa," akasema. "Hakulala. Alikufa. Nilisema amepumzika sababu kinywa yangu ilikataa ile neno."

Nikauliza kama haamki hata baada ya miaka mingi. Akasema haamki. Nikauliza, hata tukimwacha bila kumtikisa? Hapo baba akalia. Sikuwahi kumwona akilia, nikalia kwa sababu yeye analia, kisha nikalia kwa sababu yangu mwenyewe, na nyuma ya mlango Bi Zuhura akapenga kamasi kama tarumbeta. Maharage yakaungua.

Chupa hakuzitupa. Alizichukua moja moja, akang'oa nta kwa ukucha, akaweka mdomo wa chupa sikioni. Kwa kila moja alikaa kimya muda unaomtosha mtu kumaliza kusema, akatikisa kichwa, akaniambia, "Nimesikia." Zote saba. Nampenda baba kwa mambo mengi, lakini nikiambiwa nichague moja, nachagua hilo.

Baada ya siku ile kitabu cha mvinyo hakikuonekana tena. Tulimaliza kile chekundu, tukaanza cha nyuki, na saa kumi na moja iliendelea kuwa saa kumi na moja. Nami nikafanya kosa la pili, ambalo Bi Zuhura hakulijua ili anisahihishe. Nilikusanya kila nilichokuwa nacho juu ya mama, nikakirudisha kwa divai. Nguo ya buluu? Ya divai. Kucheka kwanza, mwanya, wimbo wa kuchagua mchele, vyote ina, si ana. Nilivitoa kichwani kimoja kimoja kama mtu anayerudisha nguo alizoazimwa, na nilipomaliza sikubaki na kitu isipokuwa mwanamke aliyechoka anayeniambia nimwache apumzike.

Nilikua hivyo. Wenzangu wakisimulia mama zao mimi nilisema simkumbuki wangu, nikabadili mazungumzo. Aibu yenyewe sikuweza kumwambia mtu: kwamba wakati mwingine, nikinusa mchele mbichi, nilimwona mwanamke wa nguo ya buluu akicheka, nikajikemea kwamba acha ujinga, hiyo ni chupa. Kufiwa ni jambo moja. Kudhani kwamba hata kumbukumbu zako ni za uongo, hilo liliniuma zaidi, na liliniuma miaka mingi.

Basi boksi nikalileta kwangu pamoja na baba. Nakaa Observatory sasa, kwenye fleti ndogo, kilima kilekile alichokilinda. Siku ya kwanza alisimama dirishani akaniuliza geti la jengo hili nani analilinda, na kama anafanya kazi yake. Kifaransa nimekijua ukubwani, nusu kutoka kwake na nusu kutoka darasani, kwa hiyo wiki ile nilikitoa kitabu cha mvinyo nikisome mwenyewe. Mchungaji na mkewe bado wanatabasamu. Nilitaka nicheke kidogo, nikiri upumbavu wangu wa utotoni, nikiweke kabatini.

Nilianza kutafuta nguo. Nikaipata, kweli Wafaransa husema mvinyo una nguo, wakimaanisha rangi yake. Nguo nyekundu ya kito, nguo ya cheri, nguo ya zambarau, hata nguo ya ganda la kitunguu. Ya buluu haikuwepo. Nikasema labda nimeruka ukurasa. Miguu nikaikuta, na machozi, na mwili, na kulala kwa ubavu kwenye baridi, yote kama baba alivyosoma. Lakini kucheka kabla ya kusema, hakuna. Mwanya, hakuna. Mchele? Kitabu cha mvinyo cha Ufaransa, mchele wa nini? Nilikisoma mara tatu kwa siku nne, mara ya mwisho kwa kidole, kama mtoto. Jumapili nikamwendea baba.

Baba alikuwa amekaa karibu na dirisha. Ana mtoto wa jicho sasa, anaona mwanga na vivuli tu, lakini jua bado hulifuata kutoka kiti hadi kiti. Ilikuwa kama saa kumi na moja.

"Papa," nikasema, "ile nguo ya buluu iko ukurasa gani?"

"Nguo gani?"

"Ya kwenye kitabu cha mvinyo. Na pale anapocheka kwanza, ndipo aseme. Nimetafuta, hakuna."

Akanigeukia, akashangaa kabisa. "Mwana yangu, na masomo yako yote ile, ulifikiri mvinyo inachekaka?"

"Nilifikiri, Papa. Miaka yote hii."

"Eish," akasema baba, polepole. Alinyoosha mkono akautafuta wangu mpaka akaupata. "Ile ilikuwa ya mama yako. Nilisoma mustari moja ya kitabu, halafu naweka moja ya mama yako. Kutaja jina yake sikuweza. Mu kitabu niliweza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Kila siku."

Nililia pale nikiwa mtu mzima, na kichwa nimekilaza kwenye magoti yake yale mabovu, na baba akanipigapiga mgongo kama anayembembeleza mtoto acheue. Kosa langu halikuwa lile la kwanza. La kwanza nilikuwa nimesikia vizuri. Nikamwambia hivyo, akasema hajui ninasema nini, na kwamba namlowesha suruali.

"Leta ile kitabu," akasema.

Nikampa. Akamgusa mchungaji kwa vidole, akaguna, akafunua katikati, akakiinua usoni kana kwamba anaona.

"Tulifikia wapi?"

"Kwenye nguo," nikasema.

"Ah. Nguo." Akasafisha koo, sauti ikawa ile ya mtu wa tai. "Eko na nguo ya bulu. Alishona yeye mwenyewe. Eko na mifuko mbili, na moja ni ya uongo, haiingii hata kidole."

Hilo la mfuko lilikuwa jipya.